Rasimu Iliyofika kwa Wazazi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Akiteng alimsaidia mama yake kuanika mihogo. Waliitandaza juu ya maturubai kando ya barabara kuu ya Malaba, pamoja na wanawake wengine wa mtaa wao, kwa sababu hapo jua lilipiga vizuri na kuku hawakuwa wengi. Upande wa pili wa barabara, malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Uganda yalikuwa yamepanga foleni, na madereva walipiga mswaki huku wameegemea magurudumu.

"Vipande vimepandana hapo," mama alimwambia. "Vitaoza."

"Vitakauka tu, mama. Nitachelewa."

"Kila siku unachelewa. Kwani shule inahama?"

Akiteng aliinama, akaviachanisha vile vipande huku amekunja uso. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane, na hakuwa mvivu hata kidogo. Shida yake ilikuwa moja: hakuweza kuvumilia jambo linalokawia. Jiko likikataa kuwaka, alilifokea. Foleni ya maji ikisimama, alifyonza mpaka akina mama wakageuka kumtazama. Hata mwalimu akirudia maelezo kwa ajili ya wale ambao hawajaelewa, Akiteng alikuwa akigongagonga kalamu mezani.

Kitu kilichomfurahisha kuliko vyote pale shuleni kilikuwa Klabu ya Tarakilishi. Tarakilishi ni kitu cha haraka, au ndivyo alivyodhani.

Siku moja baada ya masomo, Mwalimu Omoding, aliyewafundisha tarakilishi, aliingia chumba cha klabu akiwa na mgeni. Alikuwa mwanamke kijana mwenye nywele fupi, aliyevaa fulana na viatu vya raba.

"Huyu ni Dada Everlyne," mwalimu alisema. "Yeye na wenzake wanatengeneza programu kule Busia mjini. Leo ametuletea kazi."

Everlyne hakusimama mbele kama wageni wengine. Alikalia ukingo wa meza, akawauliza, "Tangazo la shule yenu likitoka, linaandikwa mara ngapi?"

"Mara nyingi!" akajibu Fahad, kijana mchangamfu aliyekaa karibu na Akiteng. "Linaandikwa kwenye ubao wa getini, kwenye karatasi tunazopeleka nyumbani, kwenye simu za wazazi, halafu kwenye tovuti."

"Na kote linasema jambo moja?"

Darasa zima likacheka. Muhula uliopita ubao ulisema mkutano wa wazazi ni Ijumaa, simu zikasema ni Alhamisi, na tovuti ilikuwa bado inawapongeza washindi wa mbio za mwaka juzi. Wazazi walikuja kwa mafungu wakiwa wamekasirika, na Madam Euphrasia, mwalimu mkuu, alihutubia mkutano uleule mara mbili.

"Basi sikilizeni," Everlyne alisema. "Kuna programu inaitwa Ghala. Unaandika tangazo mara moja tu, linakaa ghalani. Tovuti inakuja kulichukua, simu zinakuja kulichukua, na runinga ya pale ofisini nayo inalichukua. Ghala yenyewe haina sura ya kuonyesha watu. Ndiyo maana sisi watengenezaji huiita aina hii mfumo usio na kichwa."

"Kama kuku aliyechinjwa?" Fahad aliuliza.

Everlyne alicheka pamoja nao. "Kama jiko la hoteli. Mteja hamwoni mpishi, anaona sahani tu. Jiko ni lilelile, lakini mmoja analetewa chakula mezani na dereva wa lori anafungiwa chake aende nacho."

Aliwaeleza kwamba Ghala ni programu huria. Imetengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia bure, kusoma jinsi ilivyoandikwa, na kuirekebisha. Kikundi chake kilitaka kuitumia kwa shule nyingi za Busia, kuanzia Malaba na Chakol hadi Butula. Lakini kabla ya kuichagua, kilitaka kuipima.

"Sisi tunaweza kuipima kama mafundi," alisema. "Lakini nataka wajaribu pia wale watakaoandika matangazo kila siku. Msinisifie kitu. Niambieni kinachofanya kazi na kisichofanya kazi. Tutaamua kwa kutegemea mtakayosema."

Mwalimu Omoding akagawa kazi. Wengine walipewa picha, wengine runinga ya ofisini. Akiteng na Fahad walipewa rasimu, yaani matangazo ambayo hayajakamilika.

"Mwalimu mkuu anaweza kuandika tangazo leo, alitafakari, alibadilishe, alitoe kesho," mwalimu aliwaambia. "Kabla hajabonyeza kitufe cha kuchapisha, mtu wa nje hapaswi kuliona. Kazi yenu ni kuhakikisha haoni. Chukueni simu ambayo haijaingia ndani ya Ghala, mwangalie kama mzazi angeangalia."

"Hiyo tu?" Akiteng aliuliza.

"Hiyo tu."

Kazi hiyo ndogo ilimtesa Akiteng kama jino bovu.

Kwanza nenosiri. Ghala ilitaka nenosiri refu lenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Akiandika, ilikataa. Akiandika jingine, ilikataa tena bila kusema ni kwa nini. Alipofaulu kuingia, alikuta vitufe vyote vimeandikwa Kiingereza kigumu ambacho hata Mwalimu Omoding alikuwa akikikunia kichwa. Halafu ukaja mtandao. Pale Malaba, ukisogea kidogo tu, simu yako inashika mtandao wa Uganda. Kisanduku cha intaneti cha shule nacho kilikuwa na tabia hiyohiyo. Kilikuwa kikivuka mpaka bila pasipoti, na kila kilipovuka, Ghala ilimtoa Akiteng nje na kumeza kila alichokuwa ameandika.

"Sasa nini tena?" Fahad alimuuliza siku moja aliposikia amefyonza.

"Inasema nimetoka."

"Umetoka wapi?"

"Sijatoka popote! Nimekaa hapahapa tangu kengele ilipolia!"

Akaandika tangazo lote upya, kuhusu usafi wa vyoo. Alipofika katikati, umeme ukapotea. Aliinua mikono juu, akaishusha mezani kwa kishindo mpaka kipanya kikaruka. Siku iliyofuata alianza tena. Safari hii maneno yalikubali kuhifadhiwa, lakini aya zote zilishikana zikawa kama uji ulioganda. Wenzake wa upande wa picha walikuwa wamekwisha kumaliza, wanacheza nje. Kelele zao zilimfikia kupitia dirishani.

"Mimi nimechoka na vyoo," alimwambia Fahad. "Kila siku vyoo, vyoo."

"Andika kitu chenye uzito basi. Kwani nani ataona? Ni rasimu."

Akiteng akafuta yote. Vidole vyake viligonga vitufe kwa hasira, akaandika: *Tangazo la dharura. Shule imefungwa leo kwa sababu ya homa. Wazazi wote waje kuwachukua watoto wao mara moja.* Wakacheka wote wawili. Akabonyeza kitufe cha kuhifadhi rasimu, na kwa mara ya kwanza Ghala ikakubali bila ubishi.

Sasa ilibaki kuangalia kwa simu ya nje. Simu ya shule ilikuwa kwa karani, na kwa karani kulikuwa na foleni ya wazazi waliofuata vyeti. Mawingu meusi yalikuwa yamekusanyika upande wa Tororo, ng'ambo ya mpaka. Akiteng alisimama mlangoni mwa ofisi, akaitazama ile foleni isiyosogea, akarudi alikotoka.

"Njoo uone," Fahad alimwambia. Alikuwa amefungua tovuti ya watu waliotengeneza Ghala. "Wameandika hapa wenyewe: rasimu haionekani na mtu wa nje. Waliotengeneza wanajua kuliko sisi. Tunapima nini sasa?"

Kabla Akiteng hajajibu, Mwalimu Omoding aliingia akiwa na funguo mkononi. "Nafunga. Everlyne amenipigia, anataka jibu leo. Upande wa rasimu mmefika wapi? Mmejaribu kwa simu ya nje?"

Akiteng alitazama dirishani. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka. Alifikiria kurudi kwenye ile foleni, alifikiria nenosiri, na mtandao unaovuka mpaka, na kesho nyingine ndani ya chumba hiki.

"Tumejaribu, mwalimu," alisema. "Haionekani."

Fahad aliinamia viatu vyake.

"Kazi nzuri sana!" Mwalimu alisema. "Nilijua nyinyi wawili hamtaniangusha."

Akiteng alikimbia nyumbani kwenye manyunyu. Alikuwa ametamani kuondokana na kazi ile, na sasa ameondokana nayo. Lakini jioni hiyo aliiacha sima yake nusu, na mama alipomuuliza habari za klabu, alisema tu, "Tumemaliza."

Wiki iliyofuata, kikundi cha Everlyne kiliiunganisha Ghala na simu za wazazi wa shule ile, ili waone mfumo unavyofanya kazi kwa watu halisi. Hawakuwa na wasiwasi. Walikuwa wameambiwa kila kitu kimejaribiwa.

Gredi ya Nane ilikuwa katikati ya somo la hisabati kelele ziliposikika getini. Mwanzoni ilikuwa sauti ya mwanamke mmoja. Punde zikawa sauti nyingi, na honi za bodaboda, na mtu anayegonga geti kwa jiwe. Wanafunzi wakakimbilia madirishani.

Wazazi walikuwa wanamiminika uwanjani. Mmoja alikuwa na kisu cha kukatia sukuma wiki mkononi, amesahau kukiweka. Mwingine alikuwa ameacha lori alilokuwa akilitengeneza, na aproni ya gereji bado kiunoni. "Watoto wako wapi?" walikuwa wakipiga kelele. "Homa gani? Wangapi wameanguka?" Wengine walikuwa wamefunga nguo puani. Kwa watu wa mpakani, neno homa si la kusikia na kupuuza. Walikwisha kuona mpaka ukiwekwa maji ya kunawa na watu wa kupima joto wakati wa magonjwa ya kuambukiza, na hawakusahau.

Akiteng aliganda pale dirishani. Maneno aliyokuwa anayasikia yalikuwa yake.

Kisha akamwona mama yake. Alikuwa na ndala moja tu, goti linatoka damu, na unga wa mihogo umemjaa mpaka viwikoni. Akiteng alitoka mbio, mama akamkuta mlangoni mwa darasa, akamshika paji la uso kwa mikono miwili.

"Una joto? Wapi panauma? Sema, mwanangu, wapi?"

"Siumwi, mama."

"Usinifiche!"

"Siumwi, mama. Hakuna anayeumwa."

Mwalimu mkuu alikuwa amepanda juu ya kiti, akiwasihi wazazi wamsikilize. "Hakuna homa! Shule haijafungwa! Ni makosa, jamani, ni makosa!" Hakuna aliyemsikia. Na hapo ndipo mvua ilipoanza, mvua nzito bila kutanguliza hata upepo.

Mama alinyoosha shingo. "Mihogo," alisema polepole. Halafu akapaza sauti, "Mihogo!"

Wanawake wote wa barabarani wakatimua mbio kurudi. Akiteng alimtazama mama yake akichechemea kwenye tope na ndala yake moja. Alijua, kama walivyojua wote, kwamba hawangefika kwa wakati.

Mchana huo aliitwa ofisini pamoja na Fahad. Madam Euphrasia alikuwa ameketi, kilemba chake kimelowa. Mwalimu Omoding alisimama karibu na dirisha. Everlyne alikuwa amekuja mbio kwa bodaboda kutoka Busia, na maji yalikuwa bado yanamchuruzika mikononi.

"Nimeomba radhi mpaka sauti imenikauka," mwalimu mkuu alisema. "Kuna baba mmoja amenieleza kuwa alikuwa Tororo, akaacha biashara yake mezani. Na mihogo ya akina mama, kila mtu ameiona. Sasa nataka kujua. Tangazo ambalo sikuliandika limefikaje kwenye simu za wazazi wangu?"

"Ghala imelitoa," Everlyne alijibu, na alionekana amechoka kabisa. "Ilikuwa rasimu, na rasimu haikupaswa kutoka. Wenzangu wamesema tuiache. Kazi yetu yote tunaitupa, tunaanza upya na mfumo mwingine. Na leo nitaandika kwenye ukurasa wa watengenezaji wake, kila mtu asome, kwamba Ghala inavujisha rasimu na haifai kuaminiwa."

"Lakini wanafunzi wangu waliijaribu," Mwalimu Omoding alisema. "Hilo ndilo sielewi. Wiki iliyopita haikuonekana, leo imeonekana?"

"Programu ni mbovu, dada," Fahad alidakia. "Leo inakubali, kesho inakataa. Hata nenosiri ilikuwa inakataa bure."

Akiteng aliona kwamba njia ya kutokea ilikuwa wazi mbele yake. Angenyamaza tu. Programu haiwezi kujitetea, na watu wa nchi za mbali walioitengeneza hawakuwapo pale ofisini. Lawama ingewaendea wao na mambo yangeisha. Lakini bado alihisi mikono ya mama yake kwenye paji la uso, ikitafuta joto ambalo halikuwapo.

"Hatukujaribu," alisema.

Mwalimu Omoding aligeuka. "Unasema?"

"Hatukujaribu kwa simu ya nje, mwalimu. Nilienda kwa karani nikakuta foleni, nikarudi. Nilikuambia tumejaribu lakini hatukujaribu. Na lile tangazo la homa nililiandika mimi. Nilikuwa na hasira."

"Mimi ndiye niliyemwambia aandike kitu chenye uzito," Fahad alisema kwa sauti ndogo. "Na nilijua hatujajaribu."

Mwalimu mkuu aliweka kiganja machoni. Mwalimu Omoding hakugomba, na hilo lilimuuma Akiteng kuliko kugombezwa. Everlyne aliisogelea tarakilishi ya ofisini, akafungua Ghala na kuanza kupekua.

"Hebu njooni hapa," alisema baada ya muda. Aliwaonyesha kitufe kidogo kilichokuwa kimewashwa. "Mnaona? Ruhusa za wageni. Ghala huja na mlango huu ukiwa wazi, ili fundi aone kazi yake haraka anapoanza. Maelezo yao yanasema ufungwe kabla ya kuitumia kwa watu. Mngeangalia mara moja tu kwa simu ya nje, mngeiona rasimu, mngeniambia, na ningeufunga kabla sijaweka simu za wazazi." Alizima kile kitufe. "Na mimi pia nina kosa langu. Niliwategemea nyinyi peke yenu. Nilipaswa kuangalia mwenyewe kabla ya kuwaunganisha wazazi."

"Utawaandikia kwamba ni wabaya?" Akiteng aliuliza.

"Nilikuwa karibu kuwachafulia jina watu ambao hawajanikosea. Hapana. Sitaandika hivyo."

Mwalimu mkuu aliondoa mkono machoni. "Nyinyi wawili mtakwenda kwa kila mama aliyeharibikiwa na mihogo, mmweleze kwa midomo yenu wenyewe. Siyo mimi nitakayewaelezea. Na mtawasaidia kazi mpaka watakaposema basi."

Akiteng alianza na mama yake, na huko ndiko kulikokuwa kugumu. Mama alikuwa amechutama kando ya beseni, anaosha vipande vilivyoingia tope. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo ulikuwa mchezo," alisema.

"Ilikuwa rasimu, mama. Sikutaka itoke."

"Mimi sijui rasimu. Mimi nilisoma homa, Akiteng! Sikukumbuka mihogo, sikukumbuka hata kiatu. Njia nzima nilikuwa nawaza nitakukuta umelala chini." Akarusha kipande kilichooza kwenye ndoo ya nguruwe. "Wewe kila kitu unataka kiishe haraka. Haya, leta maji mengine. Na uoshe polepole."

Kwa siku kadhaa Akiteng na Fahad waliosha, wakamenya na kuanika katika nyumba moja baada ya nyingine. Baadhi ya mihogo ilikauka tena, mingine ililiwa na nguruwe. Mama mmoja aliwatukana mpaka akamaliza pumzi, kisha akawapa chai. Wengine waliwaonyesha tu beseni lilipo.

Klabu ilipokutana tena, Mwalimu Omoding aliwarudishia kazi ileile ya rasimu. "Mwanzo hadi mwisho," alisema.

Ghala haikuwa imejifunza adabu. Nenosiri lilisumbua kama kawaida, na mtandao uliendelea kuvuka mpaka. Akiteng bado alifyonza. Lakini alianza kuandika tangazo kwanza kwenye ukurasa mwingine, ndipo akalinakili, ili Ghala ikimtoa nje asipoteze kitu. Alikwenda kwa karani, akakuta foleni, akakaa kwenye benchi mpaka zamu yake ikafika. Kwa simu ya karani alitafuta rasimu yake kwa kila njia aliyoijua, na hakuiona. Mlango ulikuwa umefungwa kweli.

"Imepita," Fahad alisema. "Twende tukamwambie mwalimu."

"Ngoja. Rasimu ikiwa na picha je?"

"Picha ni kazi ya wale wengine."

"Wale walijaribu picha za matangazo yaliyotoka. Hawakujaribu za rasimu."

Fahad alitazama juu kama mtu anayeomba nguvu, lakini akakaa. Walipiga picha ya uwanja wa shule, wakaiweka ndani ya rasimu, wakaihifadhi bila kuchapisha. Kisha wakachukua anwani ya mtandaoni ya ile picha, wakaifungua kwa simu ya karani. Uwanja ukatokea wote, mpaka ndoo iliyosahaulika karibu na bomba.

"Wee!" Fahad alisema. "Maneno yamejificha, picha imebaki nje!"

Walimwita Mwalimu Omoding, naye akampigia Everlyne. Everlyne aliwataka warudie mbele ya mwalimu, na uwanja ukaonekana tena. Usiku huohuo aliwaandikia watengenezaji wa Ghala, na majibu yalikuja kutoka kwa mtu wa kujitolea asiyemfahamu: ni kweli, lilikuwa kosa, na aliwashukuru waliolikuta. Kwa kuwa programu ilikuwa huria, wenzake Everlyne hawakulazimika kungoja. Waliirekebisha wenyewe, wakawatumia marekebisho wale watengenezaji ili shule na ofisi za mbali nazo zinufaike.

Mwisho wa mwezi wazazi waliitwa kusikia kama shule itaitumia Ghala au itaiacha. Ukumbi ulijaa, na nyuso nyingi zilikuwa bado zimekunjwa. Mama yake Akiteng aliketi katikati, mikono kifuani. Mwalimu mkuu aliomba msamaha tena, kisha akamwita Akiteng aseme klabu imeona nini.

Alisimama, akaenda mbele. Alisema rasimu sasa hazionekani, na akaonyesha kwa simu ya mzazi mmoja wa mstari wa mbele. Alisema picha zilikuwa zinaonekana na sasa hazionekani. Alisema mtandao ukikatika, Ghala humeza maandishi, na hilo halijarekebishwa, kwa hiyo karani aandike kwanza pembeni. Hakuisifu wala hakuiponda.

Bibi mmoja mwenye fimbo akainua mkono kutoka nyuma. "Mimi nalea wajukuu na sisomi," alisema. "Hiyo kitu yenu inaweza kunisomea tangazo, nisikie kwa sikio?"

Akiteng alikumbuka kwamba aliwahi kuona mahali fulani kwenye tovuti ya Ghala pameandikwa habari za sauti. Ukumbi mzima ulikuwa unamngoja. Kusema ndiyo kungekuwa jambo rahisi, na huenda hata lingekuwa kweli.

"Sijui, nyanya," alisema. "Wameandika kwamba inawezekana, lakini mimi sijajaribu."

Minong'ono ilipita ukumbini. Mzee mmoja akacheka kidogo, akisema basi hawa watoto wamepima nini. Lakini Everlyne alisimama na kuja mbele.

"Nimekuja hapa leo nikiwa na wasiwasi," aliwaambia wazazi. "Wenzangu waliniuliza, watoto waliotuponza mara ya kwanza utawaamini vipi mara ya pili? Sasa nimepata jibu la kuwapelekea. Programu ikiwa na kosa, tunalitafuta na kulirekebisha, ndiyo kazi yetu. Lakini mtu akisema amejaribu na hajajaribu, anatuficha mahali kosa lilipo, na litawakuta watu wasio na hatia, kama lilivyowakuta nyinyi. Akiteng, mimi nitajenga kwa kutumia Ghala. Nitajenga kwa sababu ya yale uliyoyahakikisha, na pia kwa sababu umeniambia usilolijua."

Mwalimu Omoding aliwageukia wanafunzi wa klabu waliokaa ubavuni. "Mmesikia? Kuchoka si dhambi, hata mimi huchoka. Ukichoka, sema umechoka, upumzike, urudi. Usimalize kazi kwa mdomo."

Akiteng alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameishusha mikono iliyokuwa kifuani, na alikuwa anamsogezea nafasi kwenye benchi.

Lakini hakuwahi kuifikia nafasi ile. Yule bibi mwenye fimbo alikuwa amekwisha kupita katikati ya viti, ameshika simu ndogo iliyofungwa kwa raba. Aliiweka kwenye kiganja cha Akiteng, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Haya, jaribu na hii," alisema. "Mimi sina haraka."